Mjusi wa Pili

Waheshimiwa wa Halmashauri,
mliniomba taarifa kwa maandishi. Hii hapa.
Nimeshindwa kuiandika kwa vipengele.

Mjusi wa kwanza mnamjua:
alilala Tendaguru mpaka nyama yake ikasahau kuwa nyama,
wakaja wageni, wakatumia migongo yetu,
akabebwa mfupa mfupa hadi bandarini,
akavuka maji. Hajarudi.

Wa pili nilimjenga mimi,
pale mzunguko wa barabara unapoikodolea ghuba:
shingo mita saba za nondo na waya wa kuku,
ngozi chupa za maji na za soda,
vizibo kwa macho.
Chupa elfu tisa mia nne na kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa fahari, kama mahari.

Siku ya uzinduzi watoto wa shule wakaghani:
    Mjusi wetu karudi, Lindi leo twasifika,
    Kwa bidii na juhudi, ufuo umesafika.
Nilipiga makofi kuliko wote.

Jua la Lindi halisikilizi risala.
Lilianzia mgongoni, taratibu, kama mtu anayemenya yai.
Mwaka wa kwanza ngozi ikapauka.
Wa pili, ukiigusa inalia kwaru,
na kusi ikivuma mjusi wangu anapukutika,
magamba meupe, mepesi kama pumba za mpunga,
yakishuka mtaroni,
mtaro ukishuka pwani.

Somoe Mkwanda, mfagiaji wa barabara ile,
alikuja kwangu na ndoo ndogo.
Hakusalimia.
"Fundi, mwanao huyu."
Akaimimina juu ya meza, juu ya michoro ya sanamu ijayo.
"Zamani nilikuwa naokota chupa.
Chupa ina shingo, unaishika.
Sasa hii niishike wapi?"

Nikatafuta methali ya kujikinga.
Mavi ya kale hayanuki. Lakini aliyeisema
hakuwahi kukutana na kizibo.
Nilitaka kusema: nilikuwa nafundisha.
Nilitaka kusema: sanaa ni kioo.
Somoe alikuwa anajipangusa mikono kwenye khanga,
na vipande vimeng'ang'ania khanga.

Ndipo mkaniletea makopo kumi na mawili ya rangi ya mafuta.
Mwenge unapita, mkasema, apendeze.
Makopo yapo stoo, hayajafunguliwa. Mje na gari.

Nimembomoa.
Siku sita, mimi na Somoe, turubai chini,
na chekeche aliloazima kwa dada yake muuza unga wa muhogo
(jipya nimemnunulia, lile halirudi tena jikoni).
Ujira wa Somoe umetoka mfukoni mwangu.
Risiti haipo. Deni lilikuwepo.

Hesabu, maana mtaiuliza:
zilizotoka nzima, au karibu na nzima, elfu sita na thelathini.
Elfu tatu mia tatu themanini na mbili sijui ziliko.
Naitazama ghuba, maji yametulia mpaka ng'ambo ya Kitunda,
na siwezi kuapa kwamba mle hamna kitu.
Mjusi wa pili naye amevuka.
Safari hii hakuna mgeni wa kumlaumu.

Nondo nimeziacha zisimame kwa sasa.
Kunguru wamezipenda.
Mkinipa kazi nyingine, na sidhani kama mtanipa,
kabla ya bei, kabla ya kimo, nitauliza:
itakufaje, na nani ataizika?

Jambo la mwisho.
Jina langu lipo kwenye saruji, chini: Kazi ya B. Chilumba.
Bwana afya alisema lifutwe, jukwaa libaki safi.
Liacheni.
Mtu akiinama kuokota kipande,
akajiuliza kimetoka wapi,
aone mlango wa kubisha.